Usiziamshe Mbegu Zote Siku Moja

Kusini mwa Turkana, mahali ambapo wakati wa kiangazi jicho halipati kijani ila kando ya makorongo, kuna migunga iliyosimama kwa mduara. Miti imebanana, yote ya rika moja, mtu angedhani ilipandwa kwa kamba. Hakuna aliyeipanda. Hapo palikuwa na boma. Mbuzi walikula maganda ya mgunga mchana, jioni wakarudi kulala, wakaacha kinyesi chenye mbegu. Watu wakahama. Baadaye mvua ya kutosha ikanyesha juu ya mahame yale yenye samadi nene, na mgunga ukaota. Watafiti Robin Reid na Jim Ellis waliyachunguza mahame ya namna hiyo, na mwaka 1995 wakachapisha walichokiona: mfugaji anayehamahama, ambaye kila siku analaumiwa kwa kumaliza miti, amekuwa akiipanda bila kushika jembe.

Wewe unayetaka kurudisha vichaka vya malisho kwenye ardhi kavu, uwe Marsabit, Garissa au kule Longido upande wa Tanzania, ningependa uutafakari mduara huo kabla hujanunua hata kilo moja ya mbegu. Kila kitu mbegu ya jangwani inachohitaji kilikuwepo pale: ganda lililolainishwa, samadi, uzio wa miiba uliobaki nyuma, na muda wa kusubiri mvua iliyo mvua kweli.

Mimi nililijifunza hilo kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kikundi cha akina mama na vijana waliotaka kufunika upya ekari chache zilizobaki udongo mtupu. Tulikuwa na gunia la mbegu mchanganyiko, na mimi ndiye niliyeelekeza. Niliagiza maji yachemshwe, mbegu zote zimwagiwe, zilale humo hadi asubuhi. Mvua ya kwanza ya masika iliponyesha tulizifukia zote ndani ya siku mbili. Siku ya tisa machipukizi yalikuwa yametokeza karibu kila shimo la mgunga, tukapiga vigelegele. Kisha mvua ikakatika kwa wiki tano. Hakukubaki mche hata mmoja. Mama mmoja mtu mzima, ambaye siku zote za kazi alikuwa hasemi sana, akaniambia: "Mwanangu, umeziamsha zote siku moja. Sisi mwaka wa ukame hata mbuzi hatuwapeleki wote njia moja."

Maneno yale ndiyo ushauri wangu wote, na yanayofuata hapa ni namna ya kuyatenda.

Mbegu ya jangwani haikatai kuota kwa sababu ina kasoro. Ugumu wake ni akili iliyorithiwa. Katika mti mmoja wa mgunga, ganda moja huwa na mbegu ya kuota mwaka huu, nyingine ya mwakani, na nyingine ya miaka kadhaa baadaye. Mwaka 1966 Dan Cohen alionyesha kwa hesabu kwamba mmea unaoishi mahali ambapo mvua haitabiriki unafaidika kuacha sehemu ya mbegu zake zimelala hata mwaka mzuri, kwa sababu mwaka mbaya mmoja ungeweza kuufuta ukoo wote. Mfugaji wa kaskazini mwa Kenya hahitaji hesabu hiyo. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Aliyezamisha mbegu zake zote katika msimu mmoja wa ile mitano hakuwa na kitu mkononi maji yalipokuja.

Kazi ya mpandaji, basi, ni kuamua mbegu zipi ziamke sasa, zipi ziachwe zilale, na kuandaa mahali ambapo zile zilizoamka hazitajuta.

Tuanze na kukusanya. Maganda ya mgunga wenye kivuli cha mwavuli, ule ambao Waturkana huuita ewoi, Wasamburu ltepes na Wasomali qurac, hayapasuki yakikauka; huanguka mazima chini ya mti. Usiyaokote kabla ya kuuliza. Kandokando ya mito Turkana kuna utaratibu wa ekwar, unaoipa familia haki ya miti fulani na maganda yake, kwani ndiyo chakula cha mbuzi kiangazi kikikaza. Anayefika na gunia lake akaokota tu amechukua akiba ya mtu. Ukipewa ruhusa, chukua kutoka miti mingi iliyo mbalimbali, kidogo kidogo kila mti, na usimalize.

Okota mapema. Kuna mdudu mdogo wa jamii ya fukusi ambaye hutaga mayai kwenye ganda lingali juu ya mti, na buu lake hukulia ndani ya mbegu. Maganda yanapokaa chini majuma mengi, mbegu nyingi hukutwa zimebunguliwa, zina tundu la mviringo utadhani limetobolewa kwa sindano. Zipepete, kisha zitie kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea nyingi ni maganda matupu au zimeliwa; zinazozama ndizo za kutunza. Kama hutazipanda mara moja, zianike kivulini hadi zikauke kabisa, zichanganye na jivu safi, zifunge kwenye chombo kikavu, na uandike juu yake mahali zilikotoka na mwezi ulipoziokota. Ukinunua, kwa mfano kutoka kituo cha mbegu cha taasisi ya utafiti wa misitu ya KEFRI kule Muguga, uliza mambo mawili: zilikusanywa lini na wapi, na katika mia zinaota ngapi. Mbegu ya mgunga iliyotoka nyanda zenye mvua mara tatu ya kwenu si sawa na ile ya kwenu, hata jina likiwa moja.

Sasa kufungua. Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili siku ile, na sikujua mpaka baadaye: kila aina ina kufuli lake. Mgunga wa ewoi una ganda gumu lisilopitisha maji. Kwa mbegu chache, chukua kikata kucha, kata kipande kidogo sana cha ganda upande ulio mkabala na kitovu cha mbegu, kwa sababu karibu na kitovu ndipo ulipo mzizi mchanga, na ukiukata umeua. Ziloweke usiku mmoja. Asubuhi zilizofunguka zitakuwa zimevimba. Kwa mbegu nyingi, chemsha maji, yaepue kwanza, kisha mimina mbegu ndani na uache yapoe yenyewe. Usizichemshe jikoni kama maharage. Zilizovimba zipande, ambazo hazikuvimba zirudie au ziweke kando.

Lakini kikwata, kile kichaka chenye miiba iliyopinda kama ndoana, na jamaa yake atoaye gundi ambayo watu huikusanya na kuiuza, wana mbegu bapa za ganda jembamba. Hazihitaji maji ya moto hata kidogo. Maji ya kawaida usiku mmoja yanatosha. Katika gunia letu lililochanganyika, kikwata wote walikuwa wameiva tangu jikoni, na machipukizi tuliyoyashangilia yalikuwa ya mgunga peke yake. Mbegu za kikwata pia hazikai sana ghalani, kwa hiyo usizipange kwa akiba ya miaka.

Mswaki una habari nyingine. Wengi tunaujua kwa kusafishia meno, lakini kwa ngamia na mbuzi ni mmoja wa vichaka vichache vinavyobaki na majani mabichi kiangazi, hata penye udongo wa chumvi. Tunda lake lina nyama tamu, na nyama hiyo ndiyo inayoizuia mbegu isiote. Ndege akilila na kuitupa mbegu, ameisafisha. Wewe isugue kwa mchanga na maji mpaka ibaki safi haina utelezi, kisha ipande ingali mpya. Mjunju nao una kokwa la mti hasa. Kokwa lililolala maji siku moja baada ya kuondolewa nyama huota vizuri zaidi, na makokwa yaliyotemwa na mifugo yakiwa tayari yameng'olewa nyama ni ya kuokotwa bure penye kivuli wanapocheulia.

Pengine umeletewa mbegu za kichaka cha chumvi kutoka nje, zile za Atripleksi zinazopandwa kwa malisho ya kondoo nchi nyingi zenye ukame. Mbegu yake imefungwa ndani ya vijani viwili vilivyojaa chumvi. Noel Beadle, aliyechunguza vichaka hivyo Australia, alieleza mwaka 1952 jinsi chumvi ile inavyozuia uotaji mpaka maji mengi yaioshe. Fikiria maana yake: manyunyu ya jioni moja hayaidanganyi mbegu. Mvua ndefu iliyolowesha ardhi ndiyo inayoifungua, na mvua hiyo hiyo ndiyo inayoacha unyevu wa kumlea mche. Ukitaka kuipanda, ioshe kwa maji yanayobadilishwa mara kadhaa, uikaushe, uizike kwa kina kidogo mno.

Kabla ya kwenda shambani jaribu nyumbani. Hesabu mbegu hamsini, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali pa joto, zifungue kila siku kwa wiki mbili. Zikiota kumi tu, unajua utie mbegu tano kila shimo. Zikiota arubaini, mbili zinatosha.

Kisha gawa mafungu matatu. La kwanza lifungue, liwe tayari kuota mvua ikishika. La pili lipande bila kulifungua, kwenye mashimo yale yale, pembeni kidogo: hizo ndizo mbegu zitakazosikiliza ardhi kwa wakati wake, pengine vuli, pengine masika ya mwakani. La tatu libaki nyumbani kwenye jivu. Wafadhili hawalipendi sana fungu la pili, kwa sababu wakija na kamera baada ya miezi miwili halionekani. Lipande hivyo hivyo. Kwa kikwata na mswaki, ambao hawana usingizi mrefu, gawa kwa kuchelewesha: nusu mvua hii, na nusu mvua nyingine ndani ya msimu huo huo ikiwezekana.

Mahali pa kupanda pana uzito kuliko mbegu yenyewe. Ardhi iliyokanyagwa na kuchomwa na jua hushika ukoko. Mvua ya milimita thelathini ikipiga juu yake, maji mengi hukimbilia korongoni na udongo ulio chini ya kidole hubaki mkavu. Lodwar hupata takriban milimita 200 kwa mwaka. Ukiyaacha maji hayo yapite, unapanda katika nchi yenye mvua pungufu zaidi ya hiyo. Njia ninayoiamini ni makinga maji ya umbo la mwezi mchanga: tuta la nusu duara, upana wa mita nne hadi tano, tumbo likitazama upande wa mteremko unakotoka maji, ncha zake mbili zikiwa usawa mmoja. Usawa huo upime kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, usikisie kwa jicho. Ncha moja ikiwa chini, maji yote yatatokea hapo na kukata tuta mvua ya kwanza. Panga safu ya pili ili kila mwezi ukae katikati ya miwili ya juu, udake yaliyowaponyoka wenzake.

Ndani ya tumbo hilo vunja ukoko, changanya samadi kongwe kidogo. Usipande mahali pa chini kabisa ambapo maji yatasimama siku nne na tope kufunika kila kitu. Panda kwenye mwinuko wa pembeni, penye unyevu lakini pasipozama. Kina kiwe mara mbili au tatu ya unene wa mbegu, basi. Mbegu ya mgunga hutosheka na sentimita moja. Iliyozikwa kina cha mkono itaota, itachoka njiani, na hutajua kamwe kama ilijaribu.

Wakati? Mbegu zisizofunguliwa zinaweza kuingia ardhini ikiwa bado kavu. Zilizofunguliwa zisubiri. Mvua ya kwanza ya msimu mara nyingi huwa ya kutaniana. Chimba na mkono: unyevu ukiwa umeshuka kupita kiganja na nusu ndani ya makinga, na wingu bado linazunguka, panda siku hiyo hiyo. Kama unyevu haujafika hapo, ngoja, hata majirani wakikuambia umechelewa.

Mche ukishatoka usiupime kwa majani. Mche wa mgunga wenye majani manne unajenga chini kuliko juu. Mzizi wake mkuu unakimbiza unyevu unaorudi kina, na mashindano hayo kati ya mzizi na ukavu ndiyo yanayoamua nani atauona mwezi wa Septemba. Ndiyo sababu napenda kupanda mbegu moja kwa moja shambani kuliko kuhamisha miche. Katika viriba vifupi vya plastiki mzizi hugonga chini, hujizungusha kama kamba, na ukipandwa huendelea kujizungusha. Kama lazima uwe na kitalu, kwa mfano kwa mswaki ambao mbegu zake ni chache, tumia viriba virefu vilivyo wazi chini, vinyanyue juu ya ardhi au visogeze kila wiki, na mwezi wa mwisho punguza maji na kivuli taratibu ili mche ulijue jua litakaloukuta.

Kivuli chenyewe kina mambo yake. Mswaki huanza vizuri chini ya kichaka kikubwa kinachoulea: jua limepunguzwa, majani yaliyooza yapo, mbuzi haufikii mche kwa urahisi. Mgunga haupendi malezi hayo. Chini ya mama yake hudumaa. Kwa hiyo mpe mswaki mlezi, mgunga uuache wazi. Lakini yote miwili ifunike kwa matawi ya miiba yaliyolazwa juu ya shimo. Miiba hiyo inafanya kazi tatu kwa bei ya panga moja: inazuia midomo, inavunja upepo unaokausha, na inanasa vumbi, majani na mbegu nyingine zinazopita. Mawe machache kuzunguka shimo husaidia pia kutunza unyevu. Maadui hawaishii kwa mbuzi. Panya hufukua mbegu usiku wa kwanza. Sungura na digidigi hukata vichwa vya miche. Mchwa huja ukiweka majani makavu mengi mno. Kagua asubuhi ya siku ya pili, na uwe na mbegu za kujazia.

Na mifugo? Hakuna uzio wa miiba unaoweza kulinda eneo ambalo wenye mifugo hawakukubaliana juu yake. Wasukuma wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo, na maelfu ya hekta yakarudi na miti ambayo sehemu kubwa haikupandwa na mtu: visiki na mbegu vilikuwa ardhini vikingoja kuachwa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona fedha nyingi zikitumika kununua miche kwa ardhi iliyohitaji misimu miwili tu ya kupumzishwa. Kaeni na wazee, na vijana wanaolisha, na akina mama wanaokata kuni. Amueni eneo dogo, lifungwe mpaka miche ipite kimo cha mdomo wa mbuzi, na semeni waziwazi nani atapita na wanyama wake mwaka ukiwa mbaya na kupitia wapi. Fungeni kipande kingine pale tu cha kwanza kitakapokuwa kimefunguliwa.

Kuna kichaka kimoja nakusihi usikipande, hata ukipewa bure na ukaambiwa kinaota penye jiwe. Mathenge ulipandwa sehemu kavu za Kenya ili kupata kuni na kuzuia udongo, na kweli ukaota. Maganda yake matamu huliwa na mifugo, mbegu zikasafiri kwa kinyesi, kwa njia ile ile iliyopanda mduara wa ewoi, ukafunika kingo za maji na malisho. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo walikwenda mahakamani Nairobi na mbuzi aliyeng'oka meno kwa sababu ya maganda hayo. Kama mathenge uko karibu nawe, samadi ya boma isiingie kwenye mashimo yako kabla haijarundikwa, kulowana na kugeuzwa mara kwa mara mpaka ipate moto wa ndani na kuoza kabisa, na hata hapo kagua kila chipukizi likiwa bado linang'oka kwa vidole viwili.

Mwisho wa kiangazi cha kwanza rudi ukahesabu. Beba daftari na subira, kwa kuwa mche ulioangusha majani yote unafanana na uliokufa. Usiung'oe kuuangalia mzizi. Kwangua gome kwa ukucha karibu na ardhi: ukiona kijani chini yake, mche uko hai na umejificha. Ukiona kahawia, kwangua tena chini zaidi kabla ya kuandika umekufa. Andika shimo, aina, na kama mbegu yake ilikuwa imefunguliwa au la.

Kwenye ekari zetu zile hatukuwa na cha kukwangua. Tulirudi vuli ya mwaka ule kukusanya vigingi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, ya kweli, na ndani ya makinga yaliyobaki, kwenye mashimo ambayo hakuna aliyeyagusa tena, kulikuwa na migunga yenye majani mawili mawili. Ilitoka kwenye mbegu ambazo maji yangu ya moto yalishindwa kuzifungua. Tulihesabu kumi na mmoja. Yule mama alivua kitenge cha mabegani, akakizungusha mkononi, akaanza kukata miiba, na hatukuondoka pale mpaka kila mche ulipokuwa na miiba yake.